Jiko la peleti linawaka vizuri, kisha linajizima baada ya dakika 20: nianzie wapi?

Mwenye Nyumba (mleta mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina jiko la peleti (vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa) ambalo ndilo tunalolitegemea kupasha nyumba joto kipindi chote cha baridi, na huu ni msimu wake wa sita. Misimu mitano ya mwanzo halikunisumbua kwa jambo lolote la maana. Kwa wiki mbili sasa limeshika tabia ambayo nimeshindwa kuielewa, na nimefika mahali ambapo kila nikishika bisibisi ninaogopa kwamba ninazidi kuharibu.

Hali yenyewe ni hii. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia, feni inaanza kuzunguka, peleti za kwanza zinadondoka kwenye kikombe cha kuchomea, na baada ya dakika 8 hadi 10 moto unashika bila taabu. Shida inaanza hapo. Zamani moto ulikuwa mfupi, mweupe unaoelekea manjano, unaocheza kwa kasi kiasi kwamba chembe za majivu zilirushwa juu kutoka kwenye kikombe. Sasa umekuwa mrefu na mzito, wa rangi ya chungwa iliyokolea, unayumba polepole, na ncha zake zinatoa moshi mweusi. Peleti zinarundikana kwenye kikombe kwa sababu zinadondoka upesi kuliko zinavyoungua. Kioo cha mlango, ambacho nilizoea kukifuta mara moja kwa siku mbili, kinakuwa cheusi ndani ya saa moja. Kisha, baada ya dakika 20 hivi, na siku nyingine dakika 40, peleti zinaacha kabisa kudondoka, lile rundo linaungua hadi linakwisha, na jiko linajizima likiwa limeonyesha alama ya hitilafu ambayo kijitabu chake kinaieleza kwa maneno mafupi tu kwamba mvuto wa hewa ni mdogo.

Nimekwisha kumwaga majivu, kukwangua kikombe na kujaribu peleti za mfuko mwingine. Jirani alinishauri kwamba huenda kiwashio kimechoka, nikanunua kipya na kukifunga, lakini hakuna kilichobadilika. Sasa muuza vipuri ananiambia kwamba bodi ya umeme ndiyo mbovu, na bei yake si ya kununua kwa kubahatisha.

Mambo mawili huenda yakawasaidia. La kwanza, linajizima zaidi saa za jioni kuliko asubuhi. La pili, ninapoliwasha kunakuwa na harufu ndogo ya moshi sebuleni kwa dakika chache, kisha inapotea. Naomba mwenye uzoefu anielekeze nianzie wapi kabla sijanunua kipuri kingine. Natanguliza shukrani.

Kijiti

Pole sana, mkuu. Kabla wataalamu hawajafika, naomba ufafanue mambo matatu. Unapomwaga majivu, unamwaga ya kwenye droo peke yake, au unafungua pia vibao vya chuma vilivyoko ukuta wa nyuma wa chumba cha moto? Bomba la moshi lilisafishwa lini mara ya mwisho hadi nje kabisa kwenye kofia yake? Na jioni linapojizima, huwa kuna nini kingine kinachofanya kazi ndani ya nyumba?

Mwenye Nyumba

Ahsante, Kijiti. Nimekuwa nikimwaga ya droo tu, na ninakiri kwamba sikujua kuwa vile vibao vya nyuma vinafunguka. Bomba lilisafishwa kabla ya msimu uliopita, si msimu huu. Swali la tatu limenifikirisha: jioni ndipo tunapopika, na ile feni ya kuvuta moshi wa jikoni huwa imewashwa.

Fundi Dohani

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya kusafisha na kutengeneza majiko ya aina hii kwa muda mrefu, na ulivyoeleza moto wako umenirahisishia. Bodi usiinunue. Kiwashio nacho hakikuwa mtuhumiwa tangu mwanzo, kwa sababu kazi yake inakwisha pale moto unaposhika. Jiko linalowaka ndani ya dakika 10 na kuzimika baadaye limekwisha kukuonyesha kwamba kiwashio ni kizima. Hicho kipya kitunze, kwa maana viwashio huungua siku moja na utakihitaji.

Jiko la peleti halivuti hewa kwa nguvu ya dohani kama jiko la kuni la kawaida. Linategemea feni moja, feni ya kutoa moshi, ambayo inanyonya hewa kutoka bomba la kuingizia, inaipitisha kwenye matundu ya kikombe cha kuchomea, inaizungusha nyuma ya vibao na katikati ya mirija ya joto, kisha inaisukuma nje kupitia bomba la moshi. Njia hiyo ikizibwa mahali popote, hata kwa kiasi, moto unakosa pumzi. Moto uliokosa pumzi ndio huo ulioueleza: mrefu, mvivu, wa chungwa, wenye masizi. Peleti hazimalizi kuungua, zinarundikana, na masizi yanakwenda kukaa kwenye kioo.

Sasa kwa nini baadaye peleti zinaacha kudondoka? Watu wengi hapo ndipo wanapopotea, wakadhani kuna ugonjwa wa pili kwenye parafujo ya kulishia, ile skrubu ndefu inayosukuma peleti kutoka kwenye tangi, au kwenye mota yake. Ndani ya jiko kuna swichi ndogo ya mvuto wa hewa, iliyounganishwa na chumba cha moto, au na njia ya moshi, kwa mpira mwembamba. Mvuto ukiwa wa kutosha, swichi inafunga na umeme unaifikia mota ya parafujo. Mvuto ukishuka chini ya kiwango, swichi inaachia, parafujo inasimama, na moto unakufa kwa kukosa chakula. Kwa hiyo rundo la mwanzo na njaa ya mwisho vina chanzo kimoja, na jiko lako limejizima kwa usahihi kama lilivyotengenezwa kufanya.

Ungenikuta kwako, ningefuata njia ya hewa hatua kwa hatua, tangu inapoingia hadi inapotokea. Kwanza jiko lizimwe kwa kitufe chake na liachwe lipoe kabisa, ndipo uchomoe waya kwenye umeme. Usichomoe waya moto ukiwa bado unawaka, kwa sababu feni ya kutoa moshi itasimama na moshi wote utarudi ndani ya nyumba. Likishapoa, toa kikombe cha kuchomea ukiangalie dhidi ya mwanga: kila tundu lazima lionekane wazi. Mara nyingi watu wanakwangua donge gumu linalofanana na kioo lililoshika chini, lakini matundu yanabaki yamezibwa nusu, na jicho haliwezi kuona hilo kikombe kikiwa ndani ya jiko. Tumia msumari au ncha ya keekee kwa mkono, tundu moja baada ya jingine.

Baada ya hapo fungua vile vibao vya nyuma. Katika majiko mengi vinashikiliwa na skrubu mbili au vishikizo vya kuinua tu. Nyuma yake kuna mfereji unaoshuka hadi kwenye feni, na humo ndimo majivu laini kama unga yanakojikusanya msimu hadi msimu. Gonga kuta taratibu kwa nyundo ya mpira, utasikia majivu yakiporomoka ndani. Piga brashi, kisha vuta kwa mashine ya kuvutia majivu. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi haifai, kwa sababu majivu haya ni laini mno, yanapenya mfuko wake na kutapakaa chumba kizima, na kaa moja lililojificha linatosha kuichoma. Majivu unayoyatoa yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiache nje mbali na mbao. Makaa madogo yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki hai kwa siku kadhaa.

Kisha toa mota ya feni ya kutoa moshi uangalie mapanga yake. Yakiwa yamevimba kwa masizi, feni itazunguka kwa sauti ileile unayoijua lakini itasukuma hewa kidogo sana. Uwe na gasketi mpya (kizibo chembamba kinachokaa kati ya feni na jiko) mkononi kabla ya kuifungua, kwa maana ile ya zamani hupasuka wakati wa kuitoa, na ukirudisha feni bila gasketi nzima utavujisha moshi ndani. Halafu nenda kwenye bomba: fungua kifuniko cha kusafishia kilichoko chini ya kiungo, pitisha brashi ya kipimo cha bomba lako hadi mwisho, na utoke nje uangalie kofia. Kama kofia ina wavu, mara nyingi wavu huo ndio uliofunikwa na majivu au kiota cha ndege.

Kuhusu harufu ya moshi wakati wa kuwasha, naomba usiichukulie kuwa jambo dogo. Inaonyesha kwamba moshi unapata njia ya kuingia sebuleni wakati mvuto ni hafifu, na pamoja na moshi huo huja kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala hawezi kuitambua. Kama huna king'ora cha kaboni monoksidi, kiweke leo kabla ya kazi nyingine yoyote, na usiliwashe jiko hili usiku mkiwa mmelala hadi utakapokuwa umelisafisha.

Waya Mbili

Mimi jiko langu lilinifanyia hivyohivyo. Nilizitoa nyaya mbili kwenye hiyo swichi ya mvuto wa hewa nikaziunganisha pamoja, na halijazima tena. Ni kazi ya dakika tano na haigharimu chochote.

Fundi Dohani

Ndugu yangu Waya Mbili, nakuomba kwa heshima zote uzirudishe nyaya hizo kwenye swichi leo hii. Jiko lako halijapona. Swichi ile ndiyo inayosimamisha peleti wakati moshi hauna pa kutokea, au mlango ukiwa umeachwa wazi, au feni ikiwa imekufa. Ukishaiunganisha moja kwa moja, siku feni itakaposimama parafujo itaendelea kumwaga peleti kwenye moto usio na hewa, moshi utatafuta njia ya kutokea sebuleni, na moto unaweza kurudi nyuma kwenye mrija wa kulishia kuelekea kwenye tangi la peleti. Fundi anaweza kuziunganisha kwa sekunde chache, akiwa amesimama mbele ya jiko, ili ajue kama swichi ndiyo mbovu. Akishajua, anazitenganisha. Kuliacha jiko hivyo usiku kucha ni kuiweka familia yako hatarini, na ninasema hivi kwa sababu nimeingia katika nyumba ambazo dari zilikuwa nyeusi kwa uamuzi kama huo.

Mleta mada, nilisahau kukueleza kuhusu mpira wa swichi hiyo. Uchomoe pande zote mbili uuangalie kwa kuukunja, kwa sababu ufa mwingine hauonekani mpira ukiwa umenyooka. Kile kichuchu cha chuma ambako mpira unachomekwa upande wa jiko huziba kwa majivu. Kisafishe kwa waya mwembamba. Usipulize kwa mdomo kuelekea kwenye swichi yenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna utando mwembamba unaochanika kwa urahisi.

Ukungu wa Asubuhi

Naomba kuongezea mawili. Hoja ya feni ya jikoni naiona ina uzito. Kama nyumba imezibwa vizuri dhidi ya baridi na jiko linachukua hewa yake kutoka sebuleni, feni ya jikoni na jiko zinagombania hewa ileile, na feni ya jikoni ina nguvu zaidi. Jaribio lake ni rahisi: jiko likiwa linawaka kwa uvivu, zima feni ya jikoni na ufungue dirisha moja kidogo. Moto ukichangamka ndani ya dakika chache, umepata sehemu ya jibu. Tiba ya kudumu ni kuliunganishia jiko bomba lake la kuvuta hewa moja kwa moja kutoka nje.

La pili ni kamba ya kuzuia hewa inayozunguka mlango. Chukua kipande cha karatasi, kibane kwenye mlango, ufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila ukinzani, mahali hapo panavuja. Rudia kuzunguka mlango mzima. Hewa inayopenya mlangoni haipiti kwenye matundu ya kikombe, hivyo haiusaidii moto, na mvuto unapungua. Kamba mpya hubandikwa kwa gundi ya kustahimili moto, na tafadhali usiivute wakati wa kuibandika, kwa sababu ikivutwa inakuwa nyembamba na haitaziba.

Hata peleti nazo ziangalie, ingawa kwa maelezo yako sidhani kwamba ndizo chanzo. Peleti nzuri ya milimita 6 inavunjika kwa mlio mkavu, ina mng'ao kidogo, na unyevu wake hauzidi asilimia 10. Ile iliyopata unyevu inavimba na kumeguka kuwa unga, na unga huo ukijikusanya chini ya tangi unaweza kuikaba parafujo.

Mwenye Nyumba

Nimerudi na taarifa. Niliweka king'ora kwanza kama nilivyoelekezwa, kisha nikalipumzisha jiko kwa siku mbili hadi mwisho wa wiki nilipopata nafasi.

Kikombe nilichodhani ni safi kilikuwa na matundu tisa yaliyozibwa kabisa. Nilipokiinua dhidi ya dirisha niliona nuru upande mmoja tu. Vibao vya nyuma vilinichukua karibu saa nzima kwa sababu skrubu moja ilikuwa imeshikwa na kutu, lakini kilipotoka kile cha kushoto, majivu yalimwagika yenyewe hadi yakafunika sakafu ya chumba cha moto. Nilijaza ndoo hadi nusu. Mfereji unaoshuka kwenye feni ulikuwa umebakiza uwazi unaotosha vidole viwili. Ninaandika hili kwa uchungu kwa sababu misimu mitano nilikuwa ninamwaga droo na kufuta kioo, nikiamini kwamba ninalitunza.

Mapanga ya feni yalikuwa na ukoko wa masizi ambao niliukwangua kwa kijiti cha mbao ili nisiyapinde, nikafunga gasketi mpya. Bomba halikuwa baya sana. Wavu wa kofia ulikuwa umefunikwa robo tatu. Mpira wa swichi ulionekana mzima, lakini nilipoukunja kama Fundi Dohani alivyosema, ulifunguka ufa pale unapoingia kwenye kichuchu. Nilikata sehemu hiyo ya mwisho, urefu uliobaki ukatosha, nikauchomeka tena.

Jana jioni niliwasha. Moto ulishika dakika ya 7, na ndani ya dakika nyingine tano ulikuwa mfupi na mchangamfu, chembe za majivu zikiruka kutoka kwenye kikombe kama siku za mwanzo. Harufu ya moshi haikuwepo. Liliwaka saa nne mfululizo bila kujizima. Tulipopika na kuwasha feni ya jikoni, moto ulirefuka kidogo, nikafungua dirisha upana wa kidole, ukarejea. Kwa hiyo Ukungu wa Asubuhi naye alikuwa na haki.

Nina swali moja lililobaki. Karatasi inashikwa vizuri pande tatu za mlango, ila kona ya chini upande wa bawaba inatoka bila shida yoyote. Je, nibadilishe kamba nzima, au naweza kubandika kipande tu kwenye kona hiyo?

Fundi Dohani

Nimefurahi sana kusikia hivyo, na zaidi kusikia kwamba umeanza na king'ora. Badilisha kamba nzima, ndugu. Kipande kinaacha viungo viwili, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja; tena ikiwa kona moja imekwisha kulala baada ya misimu sita, nyingine haziko mbali. Kabla ya kununua, pima unene wa ile ya zamani mahali ambapo haijabanwa, karibu na bawaba za juu, kwa sababu kamba nene kupita kiasi itazuia mlango kufunga sawasawa na itakusumbua kuliko ile iliyochakaa. Kwangua gundi ya zamani yote hadi chuma kionekane, anzia kiungo upande wa bawaba, si chini, na uiache gundi ikauke muda ulioandikwa kwenye kopo lake kabla ya kuwasha moto wa kwanza.

Vile vibao vya nyuma vifungue tena baada ya kuchoma tani moja ya peleti. Paka skrubu zake grisi ya kustahimili joto ili safari ijayo zisikuchukue saa nzima.

Waya Mbili

Nimezirudisha nyaya kwenye swichi asubuhi hii. Jiko liliwaka dakika 15 likajizima, na alama ni ileile ya mleta mada. Kesho ninafungua vibao vya nyuma.